Suti ya Kwenda Uhamiaji

Watu hudhani ndoa ni jambo la watu wawili. Hao hawajaoa ugenini. Ukioa ugenini mnakuwa watatu: wewe, mkeo, na idara ya uhamiaji, na huyo wa tatu ndiye mwenye wivu kuliko wote. Kila mwaka anataka kuambiwa upya kwamba bado mnaishi pamoja, na si kuambiwa tu, aonyeshwe. Picha yenu mmesimama mlangoni, namba ya nyumba ionekane vizuri. Picha sebuleni. Picha chumbani mmeketi kitandani, tena mmevaa nguo zenu zote na viatu, kama mnasubiri basi. Ramani ya kufika kwenu, iliyochorwa kwa mkono. Shahidi anayewafahamu. Kisha mwende wote wawili mkakae mbele ya dirisha la kioo, mwenyeji aulizwe kuhusu mgeni: huyu ni mumeo? Mnaishi wote? Ndiyo, ndiyo. Muhuri unagongwa, pa! Nendeni mkapendane mwaka mwingine.

Kinyozi alishazoea. Alifika nchi ile kijana, akakodi kiti kwenye saluni iliyo chini ya ghorofa, na siku moja akaingia binti amemshika mkono baba yake aliyetaka kunyolewa ndevu. Baba alinyolewa vizuri mno siku ile, maana kinyozi hakuwa na haraka ya kummaliza. Mwaka wa pili wakaoana. Watoto hawakujaliwa. Waliishi ghorofa ya tatu, juu ya saluni ileile, na kila mwaka yeye alivaa suti yake ya pekee, ile ya kijivu, mkewe akajifunga mtandio wa heshima, wakaenda kupanga foleni. Mkewe ndiye aliyekuwa msemaji. Kinyozi kazi yake ilikuwa kukaa wima na kufanana na picha.

Basi mkewe akaanza kusahau.

Alianza na birika jikoni, likaungua. Akaja kwenye funguo, akaja kwenye siku za wiki, akaja kwenye jina la mdogo wake wa kuzaliwa naye tumbo moja. Daktari alisema ugonjwa huu huanza na mambo ya juzi na jana, ya zamani huyaacha mwishoni. Maneno mazuri ya kidaktari. Maana yake ni kwamba mume aliyebaki kichwani mwa yule mama alikuwa kijana mwenye nywele nyeusi na kiuno chembamba, na sasa asubuhi akifumbua macho anaona mzee mwenye upara na miwani yuko kitandani kwake. Wewe ungefanyaje? Asubuhi moja alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Unataka nini humu? Mume wangu akirudi atakuua!"

Kinyozi alitoka chumbani akaenda sebuleni na fulana yake. Hakujua ashike lipi. Kwenye msumari wa mlango palining'inia koti lake jeupe la kazini, akalivaa kwa sababu alisikia baridi tu, hakuwa na hila yoyote. Akachukua kitana akarudi. Mkewe akamtazama juu mpaka chini, uso ukalainika.

"Aa, kinyozi! Karibu. Baba hajaamka, lakini unaweza kunichana mimi kwanza."

Toka siku hiyo koti halikuvuliwa ndani ya nyumba ile. Kinyozi aliruhusiwa kumchana, kumwosha miguu, kumlisha, kumfunga vifungo. Mume hakuruhusiwa kitu, mume alikuwa safarini. Kinyozi alilala kwenye kochi. Asubuhi alishuka saluni kunyoa vichwa viwili vitatu huku shemeji yake, yule mdogo mtu, akikaa na dada yake. Mchana akapanda ngazi na kuwa kinyozi tena. Watu walipompa pole alijibu nimeshapoa, na kwa kweli alikuwa amepoa, amepoa kabisa, kama fizi iliyochomwa sindano na daktari wa meno. Unaigusa, unajua ni yako, husikii kitu. Hakulia. Hakukasirika. Wateja walisema amekuwa mpole siku hizi. Wangejua.

Mwaka ukazunguka, kibali kikakaribia kuisha, na sheria ya wivu haijui ugonjwa. Mke alitakiwa dirishani, ana kwa ana. Mkewe hakukubali kutoka nyumbani na mtu yeyote ila kinyozi, kwa hiyo Kinyozi alikwenda uhamiaji amevaa koti la kunyolea. Hapo ndipo alipojichongea mwenyewe. Wakakaa mbele ya kioo, karani akafungua faili, akamsalimia mama kwa adabu zote na kumwuliza, "Mama, huyu ni mumeo?"

Mama akacheka mpaka akajipiga paja. "Huyu? Mwanangu nawe una utani! Huyu kinyozi. Ananichana nywele."

Karani alimtazama mama, akalitazama lile koti, akamtazama Kinyozi. Huyo karani hakuwa mtu mbaya, lakini kila wiki anaona ndoa za kubuni, watu waliooana kwenye karatasi tu kwa ajili ya muhuri. Mzee wa kigeni, mama mgonjwa mwenye nyumba yake, na mama anamkana mchana kweupe. Wewe ungegonga muhuri? Kinyozi akaanza kueleza, akaeleza vibaya, maana kioo kina kitobo kidogo na foleni nyuma yake ilikuwa imetega masikio. Akakabidhi cheti cha daktari. Karani akakisoma na kukibana na vingine.

"Mzee, cheti kinasema anaumwa. Hakisemi wewe ni nani. Atakuja afisa nyumbani. Mama akikutambua mbele yake, kibali kinaendelea. Asipokutambua, utapewa muda wa kufunga mizigo."

"Na yeye atabaki na nani?"

"Hilo si la dirisha hili."

Kinyozi akasema ahsante. Ndiyo, alisema ahsante, nami nikifikiria jibu lile mpaka leo napandwa na hasira kwa niaba yake. Kwao alikotoka hakuwa na mtu tena, hana mbele wala nyuma. Kumchukua mkewe aende naye haikuwezekana. Mtu anayepotea kati ya jikoni na choo utampandishaje ndege? Akifukuzwa yeye, mama ataishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa sababu shemeji mwenyewe magoti hayampeleki popote na kumnyanyua mtu hawezi. Hayo yote Kinyozi aliyajua. Aliyajua kama mtu anavyojua bei ya mchele.

Aliyechachamaa ni shemeji. "Shemeji, kweli wewe ni wa kwenda uhamiaji na koti la saluni? Hata mimi ningekukana! Siku ya afisa utavaa suti yako ya kijivu. Akuone kama alivyozoea kukuona mkienda kule. Labda akili itashtuka."

"Labda," akasema Kinyozi.

"Labda gani hiyo? Hebu changamka bwana, unaongea kama umelazimishwa kuzaliwa!"

Siku yenyewe ilipofika, shemeji alikuja mapema, akafagia pasipo na vumbi, akaipiga suti pasi mara mbili. Ilikuwa imempwaya, kola imekaa mbali na shingo. Alipomaliza kuvaa Kinyozi alijitazama kwenye kioo cha kabati. Wakamkalisha mama sebuleni kwenye kiti chake cha dirishani, wakamfunga mtandio. Kinyozi akasubiri chumbani, wazo la shemeji hilo pia, ili aingie mara moja kama bwana harusi.

Mlango ukagongwa. Wao walitegemea dume la mtu lenye kofia na mkanda. Akaingia dada mmoja wa makamo, sweta ya bluu, viatu vya chini, begi begani. Akasalimia, akaonyesha kitambulisho, akakaa kwenye kigoda karibu na mama. Mama akampokea vizuri sana. Akakunja mkono wa gauni na kumnyooshea.

"Nesi, leo presha itakuwa juu. Sijalala."

"Mimi si nesi, mama. Natoka uhamiaji."

"Ndiyo, ndiyo," akasema mama, mkono bado ameunyoosha.

Afisa akamgeukia shemeji. "Nitauliza mimi, atajibu yeye. Ndugu naomba msimsaidie hata kwa kukohoa. Mumewe yuko wapi?"

Kinyozi akatoka chumbani.

Mama alimwona, na kweli akili ilishtuka, shemeji hakukosea hapo. Aliteremsha mkono wa gauni haraka. Akaweka sawa mtandio, akakusanya miguu, akakaa wima, uso wake ukawa na ule ukali wa adabu ambao Kinyozi alikuwa hajauona kwa muda mrefu. Aliujua uso ule. Ni uso wa mbele ya dirisha la kioo. Moyo ukamdunda mara moja tu.

"Karibu afisa," mama akamwambia. "Samahani, mume wangu ametoka kidogo. Lakini niulize mimi, mimi ndiye huwa nasema."

Shemeji aliziba mdomo kwa kiganja. "Dada, jamani, huyu ndiye..."

"Mama mdogo, nimeomba," afisa akamkatiza.

Fikiria hali ile. Afisa wa kweli ameketi kigodani anaonekana nesi, na mume amesimama katikati ya sebule yake mwenyewe amegeuzwa serikali. Miaka yote waliyokwenda kule, wanaume waliowahoji walivaa suti za kijivu, na mama alihifadhi suti, mwenye suti akampotea. Kinyozi hakujua akae au asimame. Akakaa. Afisa wa kweli akafungua begi, akatoa karatasi zake, akauliza swali la kwanza kwa sauti ya kawaida.

"Mama, mumeo analala upande gani wa kitanda?"

Mama hakumwangalia hata kidogo. Alimjibu mwenye suti. "Upande wa mlango, afisa. Anaamka mapema kufungua saluni na hapendi kuniruka."

"Ana alama yoyote mwilini?"

"Kidole gumba cha kushoto, wembe ulimpitia. Ilikuwa siku tunakwenda kujiandikisha kuoana, alikuwa anatetemeka, ajabu ya kinyozi kujikata mwenyewe! Akasaini damu inachuruzika."

Jicho la afisa likatua kwenye gumba la Kinyozi juu ya goti. Lilikuwepo kovu, jeupe, limekatiza ukucha. Akaandika.

Akaendelea kuuliza, na mama akaendelea kujibu, wala hakutafuta neno. Mume wangu sikio lake la kulia halisikii vizuri, mashine za kunyolea zimelimaliza, lakini hakubali, kwa hiyo mimi hukaa kushoto kwake. Mume wangu anasema hanywi chai na sukari, afisa, usimwamini, hukomba ya chini ya kikombe na kijiko. Mume wangu ukimwudhi hanuni, ila anafagia. Ukiona anafagia palipofagiwa, ujue umemkosea. Shemeji alikuwa analia waziwazi sasa, akaenda jikoni kumalizia huko. Kinyozi aliketi na kola yake iliyo mbali na shingo, anasikiliza habari za mtu. Alitamani jambo lile limwume. Alijibana kovu kwa ukucha, akaona ukucha unaingia kwenye nyama, basi.

"Mama," akasema afisa, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka, "swali la mwisho. Naomba umtazame vizuri huyu bwana hapa. Ni nani?"

"Si mwenzenu?" Mama akashangaa. "Bwana uhamiaji."

"Si mumeo?"

"Nesi, una wazimu? Mume wangu kijana."

Kalamu ya afisa ikasimama, kisha ikaandika neno fupi. Mama akaiona. Sijui alielewa nini, lakini aliogopa, akamwinamia Kinyozi na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Afisa, nisikilize. Msimrudishe kwao. Nawaomba kila mwaka, na mwaka huu naomba tena. Mnapomtoa nje mimi nikabaki, yeye hudhani mnahakiki picha. Hajui kama nawapigia magoti. Kwao hana mtu, afisa. Kwao ni mimi."

Kinyozi hakuwa akijua. Ni kweli kila mwaka walimwambia asubiri kwenye benchi la nje kidogo, na kila mwaka mkewe alitoka huku anapangusa magoti ya gauni akilalamika kuwa ofisi ya serikali haina mfagizi. Naye alikuwa akicheka.

"Mmempa?" mama akauliza. "Niambie tu. Mmempa?"

Kinyozi akamtazama afisa. Afisa akafunga faili polepole, akatikisa kichwa kukataa. Hakuwa na furaha nalo, lakini alikitikisa.

"Tumempa, mama," akasema Kinyozi.

Loo! Mama aliinuka kitini bila kusaidiwa. Alimshukuru, akamshukuru na nesi, akawaombea na watoto wao. Kisha akaanza kuwasukuma mlangoni taratibu, kiganja mgongoni mwa suti. "Sasa nendeni. Mniwie radhi, sina ubaya, lakini atarudi sasa hivi na akiwakuta atashtuka. Nataka kumwambia mwenyewe." Akamtoa mumewe nje ya nyumba yake, akafunga mlango, wakasikia komeo.

Kwenye ngazi afisa alimgeukia. "Mzee, mimi nimeona. Nataka ujue kwamba nimeona. Lakini hapa naulizwa kama mke amemtambua mume mbele yangu, ndiyo au hapana. Hakuna mahali pa kuandika kwamba nimeona."

"Sawa."

"Utaletewa barua. Utakuwa na muda wa kujiandaa."

"Sawa, afisa. Ahsante."

Hakuhisi kitu. Aliwaza masanduku yako juu ya kabati, na kwamba lazima amfundishe mtu jinsi mama anavyopenda kuchanwa, kuanzia kisogoni. Afisa akaaga, akaanza kushuka. Ngazi zile zilikuwa na giza hata mchana, na Kinyozi, kama alivyomwambia kila mtu aliyewahi kushuka pale, akapaza sauti, "Taratibu hapo chini, shika ukuta! Hiyo ya mwisho imebomoka!"

Ndani, kiti kikasogea.

"Bwana'ngu? Umerudi?"

Afisa alisimama mguu mmoja hewani. Kinyozi akageukia mlango. Ulikuwa umefungwa, mbao tupu na namba yake.

"Wewe! Si naongea na wewe? Nakusikia hapo ngazini, unamwonya nani tena?"

Maisha yao yote ya ndoa mkewe alimsikia kabla ya kumwona, anapanda kutoka saluni, anamsalimia huyu, anamwonya yule. Nywele ziliota mvi zikaisha, mgongo ukapinda, macho yakafichwa na miwani. Sauti ilikuwa ileile iliyomwuliza baba yake kama anataka na masharubu yapunguzwe.

"Nimerudi, bibie," akasema Kinyozi.

Afisa alikuwa ameshapanda tena zile ngazi kimyakimya. Akasogeza mdomo karibu na mlango. "Mama, nani huyo uliyemsikia?"

"Mume wangu! Nani mwingine ana sauti ya chura hivyo?"

Hapo ndipo ganzi ilipomtoka Kinyozi, na ilitoka kwa maumivu, kuanzia kifuani mpaka kwenye meno. Alilia bila kuficha, paji la uso kwenye mbao, mabega ya suti yanaruka. Afisa aliweka faili kwenye mkono wa ngazi, akatafuta ukurasa, akakata neno moja na kuandika jingine pembeni yake, akaweka sahihi kwenye lile kosa kama inavyotakiwa. Alimgusa bega, akashuka ameshika ukuta.

"Njoo basi uingie, nina habari," mama akasema kwa ndani. Komeo likalia. "Watu wa uhamiaji walikuja. Umepewa! Unasikia? Umepewa!"

Kitasa kikageuka. Kinyozi alikidaka kwa nje, akakikaza kwa mikono miwili, mkewe asije akaiona ile suti.

"Mbona hakifunguki?"

"Kimekwama," akasema. "Kiache kwanza, usijiumize. Kaa hapohapo mlangoni uniambie. Walikuuliza nini?"

"Mh! Wengi walikuwa, na nesi wao. Waliniuliza unalala upande gani."

"Ukasemaje?" akauliza Kinyozi, na hakukiachia kile kitasa.